Stelingi na Deni Lake la Mwisho

Ipo kanuni moja ya kutazama picha ambayo watu wa Unguja na Pemba wameirithi tangu enzi za majumba ya sinema ya Majestic, Empire na Cine Afrique, nayo ni kwamba stelingi hafi. Kanuni hiyo haikuandikwa popote, lakini ndiyo iliyokuwa ikiamua nani atoke ukumbini ameridhika na nani atoke akikisikitikia kiingilio chake. Siku hizi watazamaji wamehamia kwenye simu, kwenye ving'amuzi na kwenye flashi zinazojazwa tamthilia nzima nzima madukani, na mabishano yamehamia barazani, ila swali la kwanza linaloulizwa juu ya tamthilia iliyokwisha ni lile lile: kafa au hakufa? Upande wa pili wamezuka watazamaji, wengi wao vijana, wanaoshika kanuni ya kinyume, kwamba mwisho usio na maiti ya stelingi ni mwisho wa kitoto. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinashika kipimo kisichohusika, kwa sababu kufa si kuamua. Kinachomridhisha mtazamaji, au kinachomwacha na kinyongo, ni kile alichokichagua mhusika mkuu akiwa anajua anachokichagua, pamoja na jibu la swali la nani aliyeilipia gharama ya uchaguzi huo.

Kanuni yenyewe, kwa hakika, ilikwisha kuvunjwa zamani na filamu ambayo wazee wetu wanaipenda kuliko nyingi nyengine. Katika Sholay, iliyotoka India mwezi wa Agosti 1975, Jai na mwenzake Veeru huamua mambo yao makubwa kwa kurusha sarafu, na ni sarafu hiyo inayoamua kwamba Jai abaki nyuma kulizuia genge la Gabbar Singh huku Veeru akienda kutafuta msaada. Jai anakufa. Veeru anaiokota sarafu na kukuta kwamba pande zake mbili zinafanana, ikawa wazi kwamba muda wote hapakuwa na bahati iliyoamua kitu, bali rafiki yake ndiye aliyekuwa akichagua na kuuficha uchaguzi wake. Sijapata kumsikia mzee akilalamika kwamba Jai hakustahiki kufa. Wanalia, kisha wanaomba irudishwe waione tena.

Filamu hiyo hiyo ina kasoro ambayo wachache waliitambua wakati ule. Kwa zaidi ya saa tatu mtazamaji ameandaliwa kumwona Thakur, ofisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar, akilipa kisasi kwa miguu iliyovalia viatu vyenye misumari, na hivyo ndivyo mkurugenzi Ramesh Sippy alivyoupiga mwisho wake wa asili. Lakini India ilikuwa imetangaza hali ya hatari mwezi wa Juni mwaka ule, na bodi ya ukaguzi wa filamu haikukubali ofisa wa polisi, hata aliyestaafu, ajichukulie sheria mkononi, kwa hiyo mwisho ukapigwa upya na askari wakaletwa wamzuie Thakur dakika ya mwisho. Kasoro si kwamba Gabbar alibaki hai. Thakur angeweza kumwacha hai kwa hiari yake na ukawa mwisho mkubwa kuliko wa kisasi; kilichoharibika ni kwamba uamuzi ulitolewa mikononi mwa mhusika ukapelekwa ofisini, na mtazamaji, hata asiyejua habari za bodi, anahisi kwamba aliyesema neno la mwisho si Thakur.

Kipimo hicho ndicho ninachotaka kukipeleka kwenye tamthilia ambayo kila mabishano ya mwisho bora huishia kuitaja. Breaking Bad ilionyeshwa na kituo cha AMC cha Marekani kuanzia Januari 2008 hadi Septemba 29, 2013, misimu mitano yenye sehemu 62, na sehemu ya mwisho ilitazamwa huko na watu zaidi ya milioni 10. Ni kisa cha Walter White, mwalimu wa kemia wa skuli ya sekondari mjini Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, anayeambiwa kwamba ana saratani ya mapafu na kuingia katika kazi ya kupika methamfetamini kwa madai ya kuwaachia mkewe na wanawe cha kutumia. Wengi wanauhesabu mwisho wake kuwa hauna dosari. Mimi naukubali nusu yake, na nusu hiyo naikubali kwa moyo wote.

Uamuzi wa mwisho wa Walter haueleweki bila ya kuukumbuka mmoja wa msimu wa kwanza. Alikuwa ameshaanza kupika pale Elliott na Gretchen Schwartz, aliowahi kushirikiana nao kuanzisha kampuni ya Gray Matter kabla hajajitoa nao wakawa matajiri, walipotaka kumlipia matibabu yote. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, wa halali, na hauna masharti, naye akaukataa kwa sababu asingeweza kuvumilia kuhurumiwa na watu aliowaona wamekula jasho lake. Tangu pale hoja ya familia imekwisha kufa, ingawa mwenyewe ataendelea kuisema mbele ya mkewe, mbele ya mwanafunzi wake wa zamani Jesse Pinkman, na mbele ya nafsi yake, mpaka watu wasiohesabika wawe wamezikwa.

Tuje sasa kwenye sehemu ya kabla ya mwisho. Walter amejificha kwenye kibanda katika theluji ya New Hampshire, amekonda, na mwanawe amemkatalia pesa zake kwenye simu na kumwambia afe tu. Anakipigia simu kikosi cha kupambana na dawa za kulevya, anauacha mkono wa simu ukining'inia, kisha anakaa kwenye baa kungoja kukamatwa. Huo ungeweza kuwa uamuzi wake wa mwisho, na ungekuwa wa mtu aliyechoka. Lakini kwenye televisheni ya baa wanatokea Gretchen na Elliott wakihojiwa, na wanasema kwamba mchango wa Walter katika kampuni ile haukuzidi kuipa jina. Polisi wanapoingia, hayupo. Kwa hiyo kilichomrudisha Albuquerque hakikuwa mapenzi ya wanawe wala majuto. Ni kile kile kiburi cha msimu wa kwanza, kilichoamshwa na watu wale wale. Sioni mfano mwengine wa waandishi wa televisheni kufunga kisa kwa ufunguo ule ule walioufungulia, na kufanya hivyo bila ya kumnong'oneza mtazamaji kwamba ndivyo wanavyofanya.

Kisha anafika jikoni kwa mkewe Skyler. Mke anatarajia kusikia tena hadithi ya familia na anajitayarisha kuikataa, naye Walter anamkatiza kwa kumwambia kwamba aliyafanya yote kwa ajili ya nafsi yake, kwamba aliyapenda, kwamba alikuwa fundi wa kazi ile na ilimfanya ajione yu hai. Maneno hayo yanamgharimu kitu kimoja pekee kilichokuwa kimebaki mkononi mwake, yaani udhuru. Hakuna bunduki chumbani, hakuna mtu anayemlazimisha, na hapati malipo yoyote kwa kuyasema isipokuwa ruhusa ya kumtazama mtoto wake wa kike akiwa amelala. Hapo ndipo tamthilia ilipokwisha, na ilikwisha vizuri sana.

Tatizo ni kwamba bado kuna dakika kadhaa za kutazama. Katika dakika hizo Walter anapata karibu kila alichokitaka. Lydia, mshirika wake wa biashara, amekwisha kunywa sumu ya risini, itokanayo na mbegu za mbarika, na genge la Jack lililomuua Hank, mwanyumba wake, linafyekwa kwa bunduki ya rashasha aliyoifunga ndani ya buti la gari na kuiendesha kwa rimoti. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuwatisha Gretchen na Elliott wapokee dola milioni 9.72 na kumkabidhi mwanawe atakapotimiza miaka kumi na minane, kwa namna ambayo hata mwana aliyezikataa pesa zake atazila bila ya kujua. Ufundi ule ule wa kemia na mitambo uliomtia kwenye dhambi unamtoa kishujaa, na risasi inayomuua inatoka kwenye bunduki yake mwenyewe, jambo ambalo wapenzi wa tamthilia hii huliita haki na mimi naliona kuwa bahati njema, kwa sababu amekufa siku aliyoitaka na mahali alipopapenda, kati ya mitambo ya maabara.

Sababu ya nusu hizo mbili kutofautiana inajulikana. Mwanzoni mwa msimu wa tano, Julai 2012, waandishi walimwonyesha Walter akiwa na ndevu na jina la uongo akinunua rashasha ile kwenye maegesho ya magari, na muumba wa tamthilia, Vince Gilligan, amekiri mara kadhaa kwamba wakati wanaipiga picha hiyo hawakujua bado bunduki ingemlenga nani. Waliahidi bunduki, ikabidi watafute wa kuuawa. Maungamo ya jikoni yalikuwa yakipikwa kwa misimu mitano. Rashasha ilikuwa ni ahadi iliyotakiwa kutimizwa kabla ya siku ya mwisho, na inavyoonekana ndivyo ilivyo.

Mtazamaji wa visiwa hivi ana kipimo cha ziada ambacho sidhani kwamba waandishi wa Marekani walikifikiria, lakini kinaifaa kazi yao. Aliyekaa darsani anajua kwamba toba ina masharti yake, yaani kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia, na kosa likihusu haki ya mja, kumrudishia mwenye haki yake. Sitaki kuigeuza tamthilia kuwa madrasa, wala sidai kwamba stelingi lazima atubu ndipo turidhike. Sharti la nne, hata hivyo, ni la kisanaa pia, kwa kuwa deni la mhusika mkuu katika kisa chochote haliko kwetu sisi tunaotazama bali liko kwa wahusika wenzake aliowapitishia gari juu yao kwa misimu kadhaa. Kwa kipimo hicho Walter analipa vipande. Anampa Skyler namba za kuonyesha mahali Hank alipozikwa, na hiyo ni haki ya mjane kurudishiwa maiti ya mumewe. Anamwokoa Jesse kutoka kwenye minyororo ya genge. Lakini kwa Brock, mtoto wa mpenzi wa Jesse, ambaye Walter alimtilia sumu kisha akamponza mama yake, hana hata neno. Na Jesse, anapopewa bunduki na kuombwa ammalize, anakataa na kumwambia ajifanyie mwenyewe. Ni yeye peke yake usiku ule anayemnyima Walter alichokipanga, na kila ninapoirudia sehemu hiyo namwona Jesse ndiye stelingi.

Waandishi hao hao, nadhani, waliiona nusu iliyopungua, kwa sababu walipoandika tamthilia ya pili katika dunia ile ile waliirekebisha. Better Call Saul ilikwenda kuanzia 2015 hadi Agosti 2022, sehemu 63, ikimfuata wakili Jimmy McGill, anayejiita Saul Goodman, mtu ambaye ulimi wake haujawahi kumwacha njiani. Anapokamatwa hatimaye, anawazungusha waendesha mashtaka mpaka kifungo cha maisha kinashuka hadi miaka kama saba kwenye gereza la raha. Ameshinda. Kisha anasikia kwamba Kim Wexler, aliyekuwa mkewe, amekwenda mwenyewe kukiri kwa maandishi makosa waliyoyafanya pamoja, akiyaweka maisha yake yote hatarini bila ya kulazimishwa na mtu. Jimmy anasimama mahakamani, mbele ya Kim, anaufuta ushindi wake kwa mdomo ule ule uliouleta, anaeleza sehemu yake katika biashara ya Walter White, anaeleza alivyomhujumu kaka yake Chuck katika jambo lililoishia Chuck kujiua, na anaomba aitwe kwa jina lake la kuzaliwa. Anapewa miaka 86.

Hakufa, hakuua, hakutoroka. Kwa wale wa stelingi hafi, ameishi. Kwa wale wanaotaka maiti, ameangamia. Na nimeshuhudia pande zote mbili zikinyamaza barazani, jambo lisilotokea mara nyingi katika mji huu. Tofauti yake na Walter ni ya wazi. Walter alikiri kwa mtu mmoja, faraghani, kisha kifo kikamchukua kabla ya kuishi na alichokisema hata siku moja. Jimmy alikiri hadharani, akiwa na njia mkononi ya kutokukiri, na ataishi na neno lake kila asubuhi mpaka mwisho wa umri wake. Kifo kilichotokea mapema mno humsamehe mhusika deni, na mtazamaji anayependa kuona maiti hatambui kwamba mara nyingi amedhulumiwa.

Jambo hili si geni kwetu. Hadithi ya Sultani Darai, mojawapo ya zile alizosimuliwa Askofu Edward Steere na watu wa Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, inamhusu maskini Hamdani aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama. Akanunua paa, na paa yule akamtajirisha, akamposea binti wa sultani, akamuua nyoka wa vichwa saba na kumkalisha bwana wake katika nyumba ya nyoka. Kisha paa akaugua. Hamdani akaombwa amwangalie, na uamuzi wake wa mwisho, mtu aliyepewa kila kitu, ukawa ni kuamuru mgonjwa apikiwe uji wa mtama hafifu, na asiteremke kumwona. Paa alikufa, na Hamdani akaamka akajikuta jaani anachakura. Msimuliaji hakuhitaji vita vya mwisho. Nyoka wa vichwa saba aliuawa katikati ya hadithi, mahali panapomstahiki, na khatima ikaachiwa bakuli la uji, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na deni. Naitazama rashasha ya Walter nikimfikiria msimuliaji yule, ambaye angeiweka sehemu ya arubaini na kuimaliza huko huko.

Tamthilia za Kituruki zilipoanza kuingia majumbani mwetu kwa sauti za Kiswahili, ile ya Sultani Suleiman, ambayo kwao inaitwa Muhteşem Yüzyıl na ilionyeshwa Uturuki kuanzia 2011 hadi 2014, ilileta mtihani mwengine. Historia imeshauandika mwisho wake, kwani kila mwenye kutaka kujua anaweza kusoma kwamba Suleiman aliamuru mwanawe Mustafa anyongwe ndani ya hema lake mwaka 1553, na kwamba mwenyewe alifariki 1566 kwenye vita vya Szigetvár huko Hungaria. Hakuna mwandishi anayeweza kumpa uamuzi mwengine. Shangazi yangu wa Wete, aliyekuwa haikosi hata sehemu moja, alisusa siku Mustafa alipouawa, akasema kwamba baba akishamuua mwanawe na kurudi kukaa kwenye kiti kile kile, kisa kimekwisha, na kinachobaki ni matanga tu.

Shangazi alikuwa sahihi juu ya kisa na hakuwa sahihi kususa. Uamuzi wa mwisho wa Suleiman ni ule, ingawa zilibaki sehemu nyingi baada yake, na sifa ya tamthilia hiyo, ambayo kwa mambo mengine ina maringo mengi ya mavazi na vilio vya kurefusha muda, ni kwamba haikumfichia gharama yake. Anazeeka mbele yetu akiwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kumwamini, ndugu waliobaki wanapigania kiti, mwana mwengine, Bayezid, anauawa, na anayerithi ni Selim, ambaye hakuna aliyemtamani. Suleiman hatubu mbele yetu, wala hatuombi radhi sisi watazamaji. Lakini matanga yale aliyoyakimbia shangazi ndiyo malipo, na bila ya kuyatazama mtu hawezi kusema kama mwisho ule umetosha au haukutosha.

Kuna namna ya kuuharibu mwisho ambayo ni ya biashara kuliko ya sanaa, nayo ni kuufuta. Prison Break ilimalizika mwaka 2009 kwa Michael Scofield kuutoa uhai wake ili Sara atoke gerezani, tukaonyeshwa na kaburi. Mwaka 2017 akafufuliwa, amefungwa Yemen. Dexter ilimalizika Septemba 2013, wiki moja kabla ya Breaking Bad, kwa stelingi muuaji kumtupa dada yake baharini, kujitia katika dhoruba na kisha kuonekana akiwa hai, mkata magogo, mwisho uliochukiwa na karibu kila mtu. Wakarudi mwaka 2021 kuurekebisha, na Januari 2022 Dexter akapigwa risasi na mwanawe Harrison, kwa ridhaa yake mwenyewe, baada ya kukubali kwamba mwana hawezi kusalimika naye. Ulikuwa mwisho wa haraka haraka, lakini ulikuwa uamuzi, na uliwagharimu wote wawili. Mwaka 2025 akazinduka hospitali. Fumo Liyongo alipochomwa sindano ya shaba na mwanawe hakurudi msimu wa pili.

Sababu si fumbo, kwani jina linalojulikana huuzika kwa wepesi kuliko jipya, na kituo chenye jina hilo hakitaliacha likae kaburini. Hasara yake ni kwamba kila ufufuo huwafundisha watazamaji kutoyaamini maamuzi, na asiyeuamini uamuzi hawezi kuridhishwa nao, hata ukiandikwa kwa ufundi wa namna gani.

Game of Thrones naipitia kwa haraka, kwa kuwa imeshalaaniwa vya kutosha. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini zao kudai msimu wa nane wa 2019 utengenezwe upya. Wengi walilalamikia kwamba stelingi Jon Snow alimuua malkia Daenerys. Mimi silalamikii kuuawa kwake bali namna Jon alivyofikishwa hapo, maana Tyrion, aliyekuwa mshauri wa malkia, ndiye aliyemfikiria kutoka gerezani, akamjengea hoja na kumsogeza hatua kwa hatua, na baadaye wakubwa wa nchi wakamkatia adhabu kikaoni. Uamuzi si wake na gharama haikuchaguliwa naye. Amebeba jambia tu.

Atatokea msomaji wa kuniuliza juu ya Tony Soprano, bosi wa mafia, na ana haki. Tamthilia ya The Sopranos, sehemu 86 kuanzia 1999, ilimalizika Juni 10, 2007 kwa Tony kukaa mkahawani na mkewe na mwanawe wakimngoja binti yao, mlango unafunguka, anainua macho, na kioo kinakuwa cheusi. Watazamaji wengi wa Marekani walidhani matangazo yamekatika. Unguja, iliyokaa miezi kama mitatu bila umeme kuanzia Desemba 2009, hapana ambaye angedhani jambo jengine. Hapo hakuna uamuzi wa mwisho hata mdogo, na bado naihesabu kuwa miongoni mwa miisho iliyotosha, kwa sababu Tony alikuwa amekaa mbele ya Daktari Melfi, tabibu wake wa akili, kwa misimu sita akipewa nafasi ya kuchagua kubadilika, na akaikataa kila mara, mpaka daktari mwenyewe akamfungia mlango. Aliyekwisha kukataa kuchagua mara zote hizo hana anachodai sehemu ya mwisho. Mwandishi wake, David Chase, alimnyima kifo cha kishujaa na toba ya machozi kwa pamoja, na kwa mtu yule vyote viwili vingekuwa uongo.

Walter hakuwa hivyo. Yeye alikuwa amekwisha kuonyesha jikoni kwamba anaweza kusema kweli, na aliyeonyesha hivyo anaweza kudaiwa zaidi. Baada ya kutoka kwa Skyler anasimama mbali, nyuma ya kioo, akimtazama mwanawe anavyorudi kutoka skuli, kijana aliyemwambia afe na ambaye kwa hila ya baba yake atakuja kula mamilioni aliyoyakataa. Waandishi wakamwacha amtazame kisha aondoke. Lau ningepewa hiari, genge zima lingeachiwa polisi, rashasha ingebaki dukani, na dakika zote zile angepewa Walter abishe mlango na mwanawe aufungue, amwambie alichomwambia mama yake, na asikie atakachojibiwa.